Siku ya Bia mwezi wa Agosti hapa Lubumbashi: tupange meza ya kuonja Simba, Tembo, Primus na Turbo King

Mwana_Kamalondo

Bandugu wapenda bia, jambo yenu.

Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni Siku ya Kimataifa ya Bia. Ilianzia Santa Cruz, California, mwaka 2007. Zamani ilikuwa tarehe 5 Agosti, baada ya 2012 ikahamishiwa Ijumaa. Kwetu inaangukia vizuri: mvua hakuna, vumbi tele, mchana jua, usiku sweta. Tutakuwa watu 12 kwenye parsele (ua wa nyumba) moja hapa Kamalondo. Makala ya kuchomea yapo, mbuzi yupo.

Sitaki ile ya kupanga kasie (kreti za bia) mezani, kila mtu anywe yake, halafu kesho hakuna anayekumbuka ladha hata moja. Nataka tuonje kweli kweli. Upande wa bia za njano tuweke Simba na Primus, upande wa nyeusi Tembo na Turbo King. Ninunue chupa ngapi? Ziwe baridi kiasi gani? Nani amiminiwe kwanza, na kipi kwanza?

Na kuna ubishi ambao haujaisha hapa mtaani. Tembo ya nganda (baa) moja inashuka vizuri, Tembo ya nganda ya ng'ambo ya barabara ni kama maji ya karatasi, na zote zimeshushwa na lori moja. Nani anaiharibu?

Kemia_Kasapa

Nianze na ubishi, maana ukishaujibu huo nusu ya meza yako imepangika.

Chupa zikitoka lori moja, usitafute kosa kiwandani. Bia ikishapigwa kapsuli (kifuniko) inabaki na maadui watatu: joto, mwanga, na ile oksijeni kidogo iliyobaki shingoni mwa chupa.

Joto na oksijeni ni washirika. Ladha ya karatasi iliyolowa ndiyo alama ya bia iliyozeeka, na kemikali inayoitoa inaitwa trans-2-nonenali. Pua ya binadamu inainasa hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa bilioni. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mwendo wa uchakavu karibu unajizidisha mara mbili. Kwa hiyo kasie iliyokaa wiki tatu chini ya bati la Oktoba, ambako ndani kunafika nyuzi 35, imezeeka karibu sawa na ile iliyokaa miezi miwili kwenye chumba cha matofali chenye nyuzi 20. Tarehe kwenye etiketi ni moja, umri wa kweli si mmoja.

Mwanga ni kesi nyingine, tena wenyewe hauhitaji wiki. Uchungu wa bia unatoka kwenye maua ya hopi. Mwanga wa buluu na zambarau ukiupiga ule uchungu, unakatika, unashikana na salfa iliyomo katika bia, na inatoka harufu kama mpira unaoungua. Sehemu chache kwa trilioni zinatosha kuinusa. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo, nyeupe haizuii kitu. Na bia ikishakuwa ndani ya glasi juani, rangi ya chupa haina kazi tena: dakika chache zinatosha. Meza yako iwe chini ya mwembe au chini ya turubai.

Kwa hiyo muulize mwenye nganda ya pili kasie zake zinalala wapi. Kama ni kwenye veranda inayopigwa jua la saa nane mchana, jibu umelipata.

Ruashi_Mukubwa

Yaya Kemia, umesahau la muhimu kuliko yote. Bia iliyotoka frigo, ikapata joto, ikarudishwa tena frigo, imekufa. Umeme ukikatika usiku mzima, ile frigo yote ni ya kutupa. Kila mtu Lubumbashi anajua hivyo.

Kemia_Kasapa

> Bia iliyotoka frigo, ikapata joto, ikarudishwa tena frigo, imekufa.

Mukubwa, kwa heshima, hapana. Kupanda na kushuka kwenyewe hakuui bia. Kinachohesabiwa ni jumla ya saa ilizokaa kwenye joto. Chupa iliyotoka nyuzi 5 ikafika 22 kwa usiku mmoja kisha ikarudi 5 imepoteza sawa na chupa iliyokaa usiku huo mmoja dukani, yaani kitu ambacho ulimi hauoni. Kama ingekuwa kweli, kila chupa iliyowahi kupoa ghalani usiku wa Juni na kupata joto mchana wake ingekuwa imeshakufa.

Kinachoua ni kuganda, na hapo ndipo watu wanachanganya. Umeme ukirudi kwa nguvu baada ya siku nzima, watu wanajaza konjelateri (friza) kwa pupa na kusahau. Bia ya asilimia 5 inaganda karibu na nyuzi 2 na nusu chini ya sifuri. Chupa isipopasuka, protini zinajikusanya, zinabaki kama vipande vya wingu ndani ya bia hata ikiyeyuka, na povu halisimami tena. Bia ya namna hiyo ndiyo watu wanaiita "ilirudishwa frigo".

Ruashi_Mukubwa

Basi tuwekeane jaribio siku hiyo. Chupa moja niiache nje siku mbili, niirudishe frigo, tuonje mkiwa mmefumba macho.

Kemia_Kasapa

Sawa kabisa. Namna ya kulifanya jaribio hilo liwe halali nitaiandika chini.

Mama_Glasi

Mnabishana juu ya lori na frigo, na glasi hamjaitaja. Mimi nasema nusu ya bia "mbaya" mjini hapa ni bia nzuri iliyowekwa katika glasi chafu. Na glasi chafu inaweza kung'aa, hilo ndilo watu hawalijui.

Povu linasimama kwa sababu protini za kimea zimeshikana na uchungu wa hopi kuzunguka kila kipovu. Mafuta yanaukata ule mshikamano. Sabuni iliyobaki pia inaukata. Kwa hiyo glasi iliyooshwa katika beseni lililooshewa sahani za michopo (nyama ya mbuzi ya kuchoma) imeshaharibika kabla hujaifungulia bia.

Osheni hivi: beseni la glasi liwe lake, na sponji yake, isiyowahi kugusa sufuria. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo sana, matone mawili matatu kwa lita tano. Sugua ndani na ukingo, hasa ukingo, pale midomo inapokaa na rangi ya midomo ya kina mama. Suuza mara mbili katika maji safi yanayobadilishwa, si beseni moja kwa glasi 40. Kisha zigeuzeni juu ya waya au rafu yenye matundu ili hewa iingie. Msizifute kwa kitambaa: kinaacha nyuzi na harufu ya kitambaa. Msizigeuze juu ya taulo lililolowa pia, zinabaki na harufu ya uvundo ndani.

Kupima ni rahisi. Lowesha glasi ndani kwa maji safi, mwaga, kisha nyunyiza chumvi laini kuzunguka. Glasi safi inashika chumvi kila mahali. Penye mafuta chumvi inadondoka, inaacha kiraka. Na ukiwa umeshamimina, angalia ukuta wa glasi: vipovu vilivyong'ang'ania ubavuni mwa glasi bila kupanda ni uchafu. Glasi safi haina hivyo, na kila ukinywa povu linaacha pete ukutani. Ukikuta pete tano, mnywaji alikunywa mara tano, na glasi ilikuwa safi.

Sasa kumimina. Glasi iinamishwe nusu, bia igonge ubavu, si chini. Ikifika nusu ya glasi, isimamishe polepole na mimina katikati ili povu lijengeke. Vidole viwili vya povu. Shingo ya chupa isiguse glasi wala bia. Na chupa ifunguliwe mbele ya mnywaji, kwa kifungulio. Anayefungua kwa meno meno ni yake, lakini asinifungulie ya kwangu.

Katuba_Mchana

Mama, vidole viwili ni hasara. Chupa ni pesa. Mimi namimina taratibu kabisa ubavuni, povu sifuri, glasi inajaa bia tupu.

Mama_Glasi

Mwanangu, povu ni bia hiyo hiyo. Ngoja dakika mbili linarudi chini kuwa bia, chupa haijapungua hata tone. Ukimimina bila povu, gesi yote inabaki ndani ya bia. Inaenda kutoka tumboni mwako, ndiyo maana unashiba kwa chupa moja na kucheua usiku kucha. Tena harufu inatokea kwenye povu. Bila povu utakunywa baridi na gesi tu, na hiyo ladha utaitafuta wapi?

Kemia_Kasapa

Mama amesema yote. Niongeze moja la hapa kwetu. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mkandamizo wa hewa ni kama 0.87 ya ule wa pwani. Chupa ikifunguliwa huku, gesi ina haraka zaidi ya kutoka kuliko kule bandarini Matadi. Bia yenye joto au iliyotikiswa kwenye pikipiki itamwagika zaidi. Chupa zishuke siku moja kabla, zisimame wima, zitulie. Na wima si kwa urembo: chupa iliyolala inapanua uso wa bia unaogusana na hewa iliyobaki ndani.

Fundi_Frigo

Upande wa baridi, mniachie mimi.

Bia za njano: nyuzi 4 hadi 7 zikifika mdomoni. Nyeusi: 8 hadi 12. Tembo iliyopoa hadi nyuzi 2 umeinunua bure, maana ule utamu wa kimea kilichoungua kidogo umelala. Chini ya nyuzi 3 ulimi wenyewe unakufa ganzi, na ndiyo maana bia mbaya zote duniani zinatangazwa zikiwa na barafu kwenye chupa.

Lakini angalieni hesabu ya glasi. Mnaonja sentilita 10 tu. Glasi ya gramu 250 hivi, iliyokaa kwenye nyuzi 25, inaweza kuipandisha bia ya nyuzi 5 hadi 10 na zaidi, mara tu joto la glasi na la bia yakishasawazika. Glasi kubwa iliyojaa haina tatizo hilo, kidogo ndicho kinachoteseka. Kwa hiyo suuzeni glasi katika maji baridi sana kabla tu ya kumimina, mkung'ute, mmimine papo hapo. Glasi yenye barafu kutoka konjelateri simshauri mtu: barafu ile inayeyuka na kuwa maji ndani ya bia, na inapasua povu.

Muda: frigo ya kawaida, chupa kubwa kutoka nyuzi 25 inataka saa tano, sita. Frigo iliyojazwa kasie mbili kwa mkupuo mmoja inataka usiku mzima. Konjelateri saa moja na nusu, na weka kengele kwenye simu.

Haraka kuliko vyote ni ndoo. Kilo 5 za barafu, lita 5 za maji, chumvi gramu 300. Watu wanaweka barafu kavu bila maji na kushangaa chupa haipoi: hewa iliyo katikati ya vipande haibebi joto. Maji ndiyo yanayoishika chupa pande zote. Zungusha chupa kwa mkono kila baada ya dakika tatu, ndani ya dakika 20 hivi iko tayari. Usipoizungusha ni 35. Kwa chumvi hiyo ndoo inashuka chini ya sifuri, hivyo usizisahau humo saa nzima, zitaganda.

Na kama umeme haupo? Agosti ni rafiki yetu. Usiku unashuka karibu nyuzi 10. Chupa za Tembo na Turbo King ziviringishe katika gunia lililolowa, ziache nje penye upepo usiku kucha. Alfajiri, kabla jua halijapanda, ziingize katika sanduku lililojaa maranda ya seremala au zifunike blanketi nzito. Saa kumi jioni bado zitakuwa pazuri kwa bia nyeusi. Mchana gunia lenyewe linasaidia pia kwa sababu hewa ni kavu, ila haliwezi kukufikisha chini ya nyuzi 16 au 17. Januari msijaribu: hewa imejaa maji, gunia halikauki, chupa haipoi.

Mwana_Kamalondo

Aksanti Fundi, maranda yapo. Sasa mpangilio na chupa ngapi?

Kemia_Kasapa

Watu 12, sentilita 10 kila mmoja kwa kila bia, ni sentilita 120. Chupa kubwa ina sentilita 70 na ushee, kwa hiyo chupa mbili kwa kila bia, zinabaki sentilita 20 na kitu za anayetaka kurudia. Bia nne, chupa nane. Hiyo ni sehemu ya kuonja. Ya kunywa baadaye hesabu mwenyewe, unawajua watu wako.

Utaratibu ni njano kwanza, nyeusi baadaye. Ukianza na Turbo King, Simba ikija nyuma yake itaonekana maji. Katikati maji ya kunywa na mkate mkavu usio na siagi. Michopo isubiri, na nitarudi hapo.

Funika chupa kwa karatasi ya gazeti, mmoja amimine upande wa pili wa ukuta, ziandikwe namba tu. Mkijua jina, ulimi unafuata jina. Halafu kwa kila glasi:

Tazama kwanza: inang'aa au ina wingu, povu limesimama muda gani. Nusa kabla ya kunywa, pumzi fupi fupi mbili tatu, ukiwa umezungusha glasi. Kunywa funda moja, lizunguke mdomo mzima, meza, kisha toa pumzi kwa pua. Hapo ndipo ladha ya nyuma inapotokea. Andika neno lako kabla hujamsikia jirani.

Maneno ya kutafuta makosa ni haya. Karatasi iliyolowa: joto na uzee. Mpira unaoungua: mwanga. Tofaa bichi: bia changa, hamira haikumaliza kazi yake. Siagi: hamira tena, au kama ni bia ya bomba, mabomba machafu. Mahindi ya kuchemsha, yale ya mwisho wa sufuria: inatokana na kimea na namna ya kuchemsha. Siki: bakteria, na kwenye chupa iliyofungwa vizuri ni nadra sana. Msiwe na haraka ya kuyaona yote katika kila glasi, mara nyingi bia iko sawa tu na kazi ni kusema uzuri wake uko wapi.

Sasa lile jaribio la Mukubwa Ruashi. Linaitwa jaribio la pembetatu. Kila mtu anapata glasi tatu, sentilita 5 kila moja. Mbili ni bia moja, ya tatu ni nyingine. Kazi yake ni kuonyesha iliyo tofauti, basi. Asiulizwe ipi tamu. Watu sita wapewe mbili za frigo na moja ya "iliyorudishwa", sita wengine kinyume chake, na nafasi za glasi zichanganywe. Jumla ni sentilita 90 za kila upande, chupa mbili mbili tena. Zote ziwe na joto sawa, la sivyo mnapima baridi.

Anayebahatisha ana nafasi moja kwa tatu. Kati ya watu 12, wanne watapatia kwa bahati tu. Mukubwa akitaka kushinda, wapatie angalau wanane. Saba bado ni bahati.

Ruashi_Mukubwa

Wanane. Nimeandika. Nitakuja na kalamu yangu.

Ndugu_Kipushi

Na wale wanaosema wanatofautisha Simba na Primus kwa harufu tu, wapimwe vilevile. Nafikiri tutaona maajabu.

Mama_Glasi

Kemia amesema michopo isubiri, nami nakubali, lakini tuseme kwa nini. Mafuta ya mbuzi yakikaa midomoni yanaingia kwenye povu kwa kila funda, dakika mbili povu limelala. Na pilipili ndiyo mbaya zaidi wakati wa kuonja: gesi, uchungu na pombe vyote vinauchochea ule moto, kisha unalaumu bia kuwa chungu.

Baada ya kuonja, fungueni. Michopo iliyochomwa kwenye makala na chumvi na kitunguu inaenda na Tembo, maana nyama iliyoungua pembeni na kimea kilichokaangwa vinaongea lugha moja. Kikanda (kile cha viazi vya okidi na karanga) kina ule ukali wa pilipili na ardhi, mpe Simba ya baridi. Vinkubala (viwavi) vilivyokaangwa vikakauka, vyenye chumvi, Turbo King. Karanga zinaenda na kila kitu ila zinajaza tumbo mapema. Bukari (ugali) na samaki mbichi mwenye supu, kwangu mimi, hana kazi na bia. Anywe maji.

Katuba_Mchana

Mama, samaki wa kuchoma na Simba unamkataa?

Mama_Glasi

Wa kuchoma sijamkataa. Soma vizuri: mwenye supu.

Mwana_Kamalondo

Kuna ndugu anasema anaweza kupata pipa na mashine ya bia ya bomba. Inafaa au ni taabu?

Fundi_Frigo

Ni tamu ikiwa safi, ni aibu ikiwa chafu. Kwanza muulize bomba lilisafishwa lini. Kawaida ni kila wiki mbili: maji ya soda kostiki ya asilimia 2 yanazungushwa dakika 15, kisha maji safi hadi karatasi ya kupimia ionyeshe hakuna soda, na koki ifunguliwe vipande vipande isuguliwe. Glavu na miwani, na msichanganye na dawa nyingine ya kusafishia. Koki ikinuka siki au siagi, usipoteze muda.

Pili, gesi. Bia ya njano ya kawaida, pipa likiwa nyuzi 4, inataka kama bari 0.8 kwenye vitabu vya pwani. Saa ya gesi (kipimo cha mkandamizo) inapima tofauti na hewa ya nje, na hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo ongeza 0.13. Weka 0.9 na kidogo. Usipoongeza, bia inapoteza gesi polepole na jioni inakuwa imelala. Pipa likipata joto, hakuna namba itakayokuokoa, litatoa povu tupu. Watu wanapunguza gesi wakidhani ndiyo dawa, na povu linazidi kwa sababu gesi inaanza kutoka ndani ya mpira wenyewe. Poza pipa, usiguse saa.

Pipa lililosafirishwa litulie saa 24 kwenye baridi. Na kwa watu 12, kusema kweli, chupa zinatosha.

Bibi_wa_Munkoyo

Mmetaja bia za kiwanda pekee, na Katanga ina munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Wekeni mtungi mmoja mezani, hata wasiokunywa pombe watapata kitu, kwa sababu munkoyo wa siku ya kwanza ni mtamu na pombe yake ni kidogo mno.

Wajue pia kwa nini unafanana na bia. Bia ya shayiri inapata sukari kwa kimea: mbegu inaoteshwa, inatoa vimeng'enya, vinakata wanga kuwa sukari. Munkoyo hauoteshi kitu. Vimeng'enya vinatoka kwenye mizizi ya porini, ya jamii ya Rhynchosia na Eminia, ile inayouzwa sokoni imefungwa vifungu.

Kilo moja ya unga wa mahindi kwa lita 8 hadi 10 za maji. Pika uji uive hasa, saa mbili au zaidi kwa moto mdogo, ukikoroga. Epua, uache upoe mpaka uwe wa moto ambao kidole kinavumilia kwa shida, kama nyuzi 55. Hapo ndipo unaweka mizizi iliyopondwa ikawa nyuzi nyuzi, anza na kiganja kimoja kwa lita 5. Koroga. Ndani ya saa moja uji unageuka kuwa maji matamu machoni pako. Usipogeuka, ongeza mizizi. Chuja, funika kwa kitambaa, uache usiku mzima. Kesho yake ni mtamu wenye uchachu kidogo, siku ya pili umechacha na una pombe, siku ya tatu ni wa wenye roho ngumu.

Makosa ni mawili. La kwanza, mizizi kuwekwa uji ukichemka: vimeng'enya vinakufa, uji unabaki mzito hata uombe. La pili, kufunga munkoyo kwenye chupa ya plastiki na kukaza kifuniko. Bado unachachuka, chupa itapasuka. Kifuniko kiwe legevu.

Ndugu_Kipushi

Bibi, na lutuku je? Kuna atakayeuliza.

Bibi_wa_Munkoyo

Lutuku ni pombe kali inayokenekwa kwa moto, si bia, na mezani kwa kuonja hauna nafasi. Huwezi kujua kwa macho wala kwa pua kama una methanoli, ile pombe yenye sumu. Uacheni.

Katuba_Mchana

Barafu ndani ya glasi ya bia, ndiyo au hapana?

Fundi_Frigo

Hapana. Inapunguza bia kwa maji, inafukuza gesi, na barafu ya mtaani hujui maji yake. Bia yako ikiwa ya joto, rudi kwenye ndoo dakika 20.

Mwana_Kamalondo

Kuna mtu ameahidi Chimay na Orval, bia za Ubelgiji, chupa ndogo za sentilita 33, mbili mbili. Niziweke wapi?

Kemia_Kasapa

Mwisho kabisa, baada ya Turbo King, na glasi ndogo: sentilita 66 kwa watu 12 ni sentilita tano na nusu kila mtu, msilalamike. Zina hamira chini ya chupa. Zisimame wima siku mbili, nyuzi 10 hadi 12, zimiminwe kwa mkupuo mmoja bila kusimamisha chupa katikati. Ukiinamisha na kurudisha mara sita, hamira inapanda na glasi za mwisho zinakuwa na matope. Kwa hiyo pangeni glasi 12 kwa mstari, zigusane, mpite nazo moja kwa moja. Sentilita moja mbili za chini zibaki chupani. Anayetaka kuonja hamira apewe peke yake, ni chachu tu na inalainisha tumbo.

Mama_Glasi

Glasi 12 zigusane mstari mmoja, meza iwe sawa basi. Wekeni kijiti chini ya mguu unaocheza kabla watu hawajafika. Na kasie tupu zirudi na chupa zake zote, mdomo mzima, zimesuuzwa. Chupa yenye kipande cha limau au kichungi cha sigara ndani haipokelewi, na konsinyi yako (amana ya chupa) inakatwa.